Wa Kwanza Kuifikia Mvua

Aghalabu tuzungumzapo juu ya ushindani wa mimea, twafikiria ukubwa: upi una mizizi mirefu, upi una majani mapana. Swali la wakati twalisahau, ilhali katika mashamba ya Mkoa wa Songwe swali hilo huamua mengi.

Kuanzia Tunduma hadi Mbozi mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na vijidudu vingi vilivyomo hufa au hulala. Mvua ya kwanza ikiulowesha, vilivyosalia huamka, huila mboji pamoja na mabaki ya wenzao, na kwa siku chache naitrojeni nyingi hutolewa katika hali ambayo mizizi yaweza kuifyonza. Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini na H. F. Birch, mtafiti wa Muguga karibu na Nairobi, katika makala yake ya mwaka 1958. Hadi leo wanasayansi huliita kwa jina lake.

Karamu hiyo haidumu. Mvua zikizidi, nitrati huyeyuka na kuzama chini kusikofikiwa na mizizi michanga. Mahindi yaliyopandwa wiki tatu baadaye hukuta imekwisha. Magugu hayakuchelewa, kwani mbegu zake zimo udongoni tayari, wala hayangoji lori la pembejeo. Ndiyo maana palizi ya majuma ya mwanzo ina thamani kubwa: gugu lililoachwa hadi juma la nane limekwisha kula, na kuling'oa hakurudishi siku ambazo mahindi yalidumaa.

Miti ya miombo ina njia yake. Huchipua majani mapya, mara nyingi mekundu, kabla ya mvua, kwa maji iliyoyaweka akiba shinani na yale ya chini sana ardhini. Nyasi zinapoota, miti imekwisha kuvaa.

Mkulima apandaye maharage Februari au Machi kati ya mahindi yanayokomaa huutumia wakati kwa namna nyingine. Mahindi yamepunguza haja ya maji na naitrojeni, na majani yakikauka jua hupenya hadi chini. Hatari ni kwamba mvua ikikatika mapema, maharage hukosa maji yakiwa katika maua.