Kutafuta Mababu katika Hati za Kale za Marekani

Wahenga walinena, Mwacha asili ni mtumwa. Neno hili lajulikana pwani na bara, nasi twalitumia kumwonya kijana anayewasahau wazee wake. Walakini iko nchi moja ambayo watu wake wengi hawakuiacha asili yao kwa kusudi, bali iliwapotea njiani: wengine kwa kuvuka bahari kutafuta maisha, wengine kwa kukamatwa na kuuzwa, na wengine kwa sababu makaratasi ya wazee wao yaliteketea kwa moto. Nchi hiyo ni Marekani. Ndiyo maana huko kazi ya kutafuta mababu imekuwa elimu kamili, yenye vyama vyake na maktaba zake. Na chama kilicho cha zamani kuliko vyote kiliundwa mjini Boston mwaka 1845.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa kwa habari za watu wa kale, yaani wale walioishi katika makoloni ya Marekani kabla ya mwaka 1776, nchi ilipojitangaza kuwa huru. Na neno tunalotaka msomaji alishike ni moja tu: hati ya kale husema kwa lugha na desturi ya siku zake, naye aisomaye kwa desturi za leo huenda akajipatia babu asiye wake.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mtafutaji huanza kwake mwenyewe, akarudi nyuma hatua kwa hatua: kwa wazazi, kisha kwa mababu, kisha kwa wazazi wa mababu. Asianze kwa mtu mashuhuri wa kale mwenye jina kama lake, akashuka naye mpaka nyumbani. Maana majina ni mengi, na anayetamani ukoo wenye sifa hakosi kuuona hata mahali usipokuwapo. Katika kurudi nyuma ziko ngazi zinazojulikana. Hesabu ya watu ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza iliyoandika jina la kila mtu huru wa nchi nzima. Hesabu za kabla yake, tangu ile ya mwaka 1790, ziliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake, na wengine wakahesabiwa bila majina. Basi apitaye nyuma ya mwaka 1790 hana tena hesabu ya taifa zima ya kumshika mkono; hana budi kutegemea vitabu vya miji, madaftari ya ubatizo, hati za ardhi, wasia, na habari za mabaraza ya hukumu.

Tena hati hizo hazifanani kila mahali, kwa kuwa desturi za watu hazikufanana. Katika Massachusetts, iliyokaliwa na Wapuritani, ndoa ilihesabiwa kuwa jambo la serikali, ikafungwa mbele ya hakimu. Na tangu mwaka 1639 iliamriwa kwamba kuzaliwa, kuoa na kufa kwa watu kuandikwe. Katika Virginia kazi hiyo ilikuwa ya kanisa la Kiingereza, nayo madaftari mengi ya kanisa yamepotea. Tena vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hata 1865 viliunguza nyumba nyingi za mabaraza katika wilaya za kusini, na pamoja nazo wasia na hati za mashamba. Kwa hiyo watu wawili wenye akili sawa na bidii sawa waweza kupata matokeo mbalimbali kabisa, kwa sababu tu mmoja wazee wake walikaa kaskazini na mwingine wake walikaa kusini.

Sasa tuangalie mitego iliyomo ndani ya maneno yenyewe. Mtego wa kwanza ni tarehe. Mpaka mwaka 1752 Waingereza na makoloni yao walihesabu mwaka mpya tangu tarehe 25 Machi, wala si tarehe 1 Januari. Mtu akikuta katika kitabu kwamba fulani na fulani walioana mwezi wa Aprili 1700, na mtoto wao akabatizwa Februari 1700, aweza kudhani mtoto alitangulia ndoa, akawaaibisha wazee bure. Kumbe ile Februari ilikuja baada ya ile Aprili, miezi kumi nyuma yake. Makarani waangalifu waliandika miaka miwili pamoja, kama 1731/2, ili kuondoa shaka. Hata George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya kale, nasi leo twasema tarehe 22 Februari 1732. Maana zaidi ya kubadili mwanzo wa mwaka, siku kumi na moja ziliondolewa mwezi wa Septemba 1752. Watu wa madhehebu ya Quaker nao hawakupenda majina ya miezi, wakaandika «mwezi wa kwanza», na kabla ya mwaka 1752 huo ulikuwa Machi. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani ajua kwamba mfunguo mosi wa Waswahili si mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu. Mosi hutegemea mahali ulipoanzia kuhesabu.

Mtego wa pili ni maneno ya udugu. Sisi twajua jinsi neno «ndugu» linavyoenea: aliyezaliwa nawe tumbo moja ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na mwenzako wa kanisani au wa kazini pia ni ndugu. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa na upana kama huo katika baadhi ya maneno yao. Neno lao «cousin», ambalo leo ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, katika wasia za kale mara nyingi ni mpwa, au mjukuu, au jamaa yeyote. Neno ambalo leo ni mkwe liliweza kuwa mtoto wa kambo. «Kaka» aliweza kuwa shemeji, au mwumini mwenzake. Na pale karani alipoandika fulani «mdogo» baada ya jina, hakumaanisha lazima kwamba huyo ni mwana wa yule «mkubwa»; alitaka tu kuwatenganisha watu wawili wa mji mmoja wenye jina moja, nao huenda ni mtu na mjomba wake, au hata wasiwe jamaa. Tena yule mkubwa akifa au akihama, mdogo aliweza kuitwa mkubwa.

Mtego wa tatu ni majina ya Waholanzi. Kabla ya Waingereza kuutwaa mwaka 1664, mji wa New York ulikuwa wa Waholanzi, na desturi yao ilikuwa karibu na ile ya Ali bin Juma. Mwana wa Pieter aliitwa Jan Pietersen, na mwana wa Jan akaitwa Hendrick Jansen. Basi baba, mwana na mjukuu walikuwa na majina matatu tofauti ya mwisho. Asiyejua desturi hiyo hutafuta ukoo wa Pietersen miaka mia asiuone, kwa kuwa haukuwapo. Lakini Waholanzi wametuachia faida mbili. Mke alibaki na jina la kwao katika hati nyingi, na katika daftari la ubatizo la kanisa lao New York, lililoanza mwaka 1639, waliandikwa mashahidi wa mtoto, nao mara nyingi walikuwa shangazi, wajomba au mababu.

Kwa Waingereza wanawake ni wagumu kuwaona, maana mke aliingia katika jina la mumewe na mali yake. Walakini kwa sheria yao mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maadamu yu hai. Kwa sababu hiyo mume alipouza shamba, mnunuzi alitaka mke akubali mbele ya baraza kuiacha haki yake. Na hapo karani akaliandika jina lake. Hivyo mwanamke asiyeonekana kanisani huonekana sokoni, katika hati ya shamba. Vilevile mwana asiyetajwa katika wasia si lazima awe amefukuzwa. Katika Virginia, mpaka mwaka 1785, ardhi ya mtu aliyekufa bila wasia ilikwenda kwa mwana mkubwa. Naye baba aweza kumwacha bila kumtaja kwa kuwa fungu lake lajulikana, au kwa kuwa alikwisha kupewa.

Haya yote yataeleweka zaidi kwa mfano mmoja. Katika hesabu ya watu wa Virginia iliyofanywa mwanzoni mwa mwaka 1625, kwenye shamba la Bennett, yameandikwa majina ya Waafrika wawili. Wa kwanza ni Antonio, aliyekuja kwa merikebu iitwayo James mwaka 1621; wa pili ni Mary, aliyekuja kwa Margaret and John mwaka 1622. Hapana jina la baba, wala kabila, wala umri. Baada ya miaka mingi, ng'ambo ya ghuba, katika wilaya ya Northampton, twamkuta mtu mweusi huru aitwaye Anthony Johnson na mkewe Mary. Mwaka 1651 alipata eka 250 za ardhi, kwa desturi ya kumpa mtu eka 50 kwa kila mmoja aliyeletwa kwa nauli yake. Je, Antonio na Anthony ni mtu mmoja?

Jina peke yake halitoshi, kwani Anthony ni jina la watu wengi. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1653 moto uliharibu mali ya akina Johnson, wakaomba msaada barazani. Baraza likamsamehe mke na binti zake wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Kodi hiyo haikuwapasa wanawake wa Kizungu, ila tangu mwaka 1643 iliwapasa wanawake wa Kiafrika. Katika kutoa sababu, karani aliandika kwamba watu hao wamekaa Virginia zaidi ya miaka thelathini. Ondoa thelathini katika 1653, utafika 1623 au nyuma yake. Na Waafrika waliokuwako wakati ule walikuwa wachache. Jina la mume laafikiana, jina la mke laafikiana, na muda waafikiana. Kwa hiyo wataalamu huwahesabu kuwa ni walewale. Msomaji aone ya kwamba ushahidi huo haukutoka katika kitabu cha ukoo, bali katika habari ya kodi.

Mtafutaji hana ruhusa kuficha yasiyompendeza. Hati za baraza hilohilo zaonyesha kwamba mwaka 1655 Anthony Johnson alishinda daawa, akarudishiwa Mwafrika mwenzake, John Casor, awe mtumwa wake. Baadaye akina Johnson walihamia Maryland. Mwaka 1670, Anthony alipokwisha kufa, wazee walioapishwa huko Virginia walinena kwamba ardhi aliyoiacha irudi kwa mfalme, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, na kwa hiyo mgeni. Miaka karibu hamsini ya kukaa, kulima na kulipa kodi haikumfanya mwenyeji. Lakini mwaka 1677 mjukuu wake, John Johnson, alinunua shamba la eka 44 huko Maryland, akaliita Angola. Nchi ile ya Angola ndiyo walikotoka Waafrika wengi walioletwa Virginia miaka ile, na Antonio ni jina la Kireno. Jina la shamba si ushahidi kamili wa asili, walakini hakuna hati nyingine yao isemayo kwa sauti kama ile.

Ukoo huu ulibahatika kuwa huru, ndiyo sababu tuna habari zake. Kwa wengi haikuwa hivyo. Mwaka 1662 sheria ya Virginia ilisema kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata baba awe nani. Tangu hapo watu hao huonekana zaidi katika hati za mabwana zao: katika wasia, katikati ya ng'ombe na vyungu; katika hati za mahari na za deni. Hata hesabu za mwaka 1850 na 1860 ziliandika jina la bwana, na chini yake umri na jinsia ya watumwa bila majina. Ile ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowataja wote kwa majina baada ya kuwekwa huru. Kwa hiyo mjukuu wao atafutaye nyuma ya mwaka huo hana budi kwanza kuutafuta ukoo wa yule aliyewamiliki, ausome wasia wake mstari kwa mstari, alitafute jina la mama.

Basi tukirudi kwenye methali yetu, twaona kwamba aweza mtu kunyimwa asili bila kuiacha. Lakini twaona pia kwamba karani aliyeandika kodi, au deni, au bei ya shamba, bila kukusudia alihifadhi jina la mtu kwa ajili ya watoto ambao hakuwajua. Anayeyatafuta majina hayo ayasome polepole, kwa maana waliyokuwa nayo siku yalipoandikwa. Wala asimwite mtu babu mpaka mashahidi wawili wameafikiana. Nasi wenye wazee walio hai tuwaulize sasa: jina la bibi wa upande wa mama, kijiji alikozaliwa, sababu ya kuhama, tukaandike na tarehe. Kazi hiyo ni ya jioni moja leo. Kesho kutwa itamgharimu mjukuu maisha yake.