Betri ya Sola Nyumbani: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kununua

Matumizi ya umeme wa jua yanaendelea kuongezeka mijini na vijijini, na kaya nyingi zilizokwisha kufunga paneli sasa zinajiuliza iwapo ziongeze betri ya kuhifadhi umeme kwa ajili ya usiku. Swali hilo ni la msingi, kwa kuwa betri mara nyingi ndiyo sehemu yenye gharama kubwa kuliko zote katika mfumo wa sola, na ndiyo inayochakaa mapema.

Hatua ya kwanza ni kufahamu mahitaji ya usiku. Taa sita za wati 10 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 300. Televisheni ya wati 80 kwa muda huohuo hutumia 400. Friji ndogo ikikadiriwa kutumia 700 usiku kucha, na simu kuchajiwa kwa 100, jumla ni wati-saa 1,500, sawa na uniti moja na nusu. Pasi, jiko la umeme na hita ya maji havimo katika hesabu hii, kwani humaliza betri ndogo kwa muda mfupi.

Hatua ya pili ni kutambua uwezo halisi wa betri. Betri ya volti 12 na ampia-saa 200 hubeba uniti 2.4. Hata hivyo, ikiwa ni ya risasi na asidi, inashauriwa itumike hadi nusu tu ili idumu, hivyo mtumiaji hubaki na uniti 1.2. Betri ya lithiamu huweza kutumika kwa asilimia 80 au zaidi bila madhara makubwa. Aidha, inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme huo.

Hatua ya tatu, ambayo wanunuzi wengi huiruka, ni kugawanya bei kwa jumla ya uniti ambazo betri itatoa katika maisha yake yote. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, betri hiyo ya risasi inauzwa shilingi 600,000 na inastahimili mizunguko 600 ya kuchajiwa na kutumiwa. Itatoa uniti 720, na kila uniti itakuwa imegharimu takribani shilingi 833. Betri ya lithiamu ya uniti 2.5, ikiuzwa shilingi 3,000,000 na kudumu mizunguko 4,000, itatoa uniti 8,000 kwa shilingi 375 kila moja. Hivyo, betri ya bei ndogo dukani inaweza kuwa ghali zaidi katika matumizi. Gharama ya paneli na inveta bado haijajumuishwa.

Kiasi hicho hulinganishwa na bei ya umeme wa gridi. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 292 kwa uniti kwa wateja wa daraja la T1, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo za REA na EWURA za asilimia 4, mteja hulipa takribani shilingi 356. Mteja wa daraja la D1 anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100, ambazo pamoja na kodi na tozo hufikia 122. Kwa mteja huyo, betri haiwezi kurudisha gharama zake kwa kupunguza ununuzi wa LUKU pekee.

Hali ni tofauti kwa kaya ambayo haijafikiwa na gridi au inayotegemea jenereta. Jenereta ndogo huzalisha takribani uniti moja hadi mbili kwa lita ya petroli. Petroli ikiuzwa shilingi 3,000 kwa lita, kila uniti hugharimu kati ya shilingi 1,500 na 3,000. Hapo betri ya lithiamu ina nafuu ya wazi. Vivyo hivyo kwa zahanati inayotunza chanjo au mfanyabiashara wa samaki wabichi, ambao hasara ya saa chache bila umeme huweza kuzidi akiba ya miezi mingi.

Ni vyema pia kuzingatia hali ya upatikanaji wa umeme katika eneo husika. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuzalisha mwaka 2024, uzalishaji nchini umeongezeka, ingawa hitilafu za njia za usambazaji bado huweza kukata huduma mtaani. Kaya inayokatikiwa umeme mara chache inaweza kuanza na betri ndogo ya taa, na kuhamishia kazi za pasi na pampu mchana, wakati paneli zinazalisha.

Anayeamua kununua anashauriwa kudai dhamana ya maandishi inayotaja idadi ya mizunguko, kutumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na kuiweka betri mahali penye kivuli na hewa ya kutosha, kwani joto hufupisha maisha yake. Betri ya risasi iliyochakaa isitupwe jalalani wala kuvunjwa nyumbani, kwa kuwa risasi ni sumu inayodhuru hasa watoto. Ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.