Asiyekuwapo na Lake Halipo

Kila msimu wa uchaguzi ukaribiapo, husikika miongoni mwetu sisi wafanyakazi sauti ya mtu aliyechoka. Husema: "Siasa niliiacha zamani. Mimi natafuta riziki ya watoto wangu." Msemaji huyo si adui wa taifa, wala si mvivu. Mara nyingi ni yule aliyekuwa wa kwanza kufika mkutanoni miaka ya nyuma. Kwa hiyo haifai kumkaripia. Yafaa kumwuliza ni kitu gani kilichomwondoa, na ni kitu gani kitakachomrudisha.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa msemaji huyo. Mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, palikuwa na mtaro ulioziba. Kila masika maji machafu yaliingia vyumbani. Mara mbili nilisimama mkutanoni nikalieleza jambo hilo. Mara mbili ahadi zilitolewa, na mtaro ukabaki vile vile. Basi nikaona nimetosheka. Nikitoka karakana nilipita mbali na ofisi ya tawi. Kadi yangu ya chama ilikaa sandukuni, na ada sikuilipa.

Ikawadia Desemba 2014, mwezi wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Baba yangu alikuwa akikaribia miaka 80, na macho yake yalikwisha dhoofika. Jioni moja aliniita akaniambia: "Mwanangu, orodha ya wapiga kura imebandikwa. Nenda ukanitazamie jina langu, maana mimi sioni tena herufi ndogo." Nikaenda. Jina la Baba nililiona upesi. Nikatafuta na la kwangu, juu hadi chini, mara ya kwanza na ya pili. Halikuwamo. Wala halikuachwa kwa makosa ya karani. Siku za kujiandikisha zilipita nami sikwenda. Mzee aliyeshindwa kusoma orodha alikuwamo. Mimi niliyeisoma sikuwamo.

Nilimpa Baba habari zote mbili. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mimi nilikataliwa. Wewe nani amekukataa?"

Ili maneno hayo yaeleweke, yapasa turudi nyuma hadi mwaka 1958. Wakati huo Baba alikuwa kibarua katika shamba la mkonge huko Tanga. Serikali ya kikoloni iliitisha uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Kura ilitolewa kwa mtu mwenye mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au aliyesoma mpaka darasa la 8, au mwenye cheo maalumu. Paundi 150 zilikuwa sawa na shilingi 250 kila mwezi, na kibarua wa mkonge angezipata wapi? Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulijadili kwa uchungu kama chama kiususie uchaguzi wa namna hiyo, na mwisho ukaamua kuingia.

Baba hakuwa na kura, lakini hakukaa kitako. Usiku alipita kwa wachache walioandikishwa, makarani na walimu, akiwakumbusha kuchagua wote watatu, maana aliyechagua mmoja tu kura yake iliharibika. Siasa ilikuwa yake hata pale sheria iliposema si yake.

Twajua pia kwamba hamu ya siasa yaweza kufifia hata katika ushindi. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, lakini wagombea 58 walipita bila kupingwa. Ulikuwa ushindi mkubwa, nao ulimaanisha kwamba katika sehemu nyingi za nchi mwananchi hakuulizwa lolote. Mtu asiyeulizwa huzoea kunyamaza.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa Septemba 1965 uliamsha watu. Ingawa chama kilikuwa kimoja, katika karibu kila jimbo wagombea wawili walisimama jukwaa moja mbele ya wananchi, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Huyu alinadi kwamba bila jembe hapana chakula. Yule alijibu kwamba hata mwenye jembe hulala nyumbani. Wananchi walicheka, kisha wakapima mambo wenyewe. Bwana Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mjenzi wa ushirika wa wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa, alishindwa. Sikumbushi hayo ili kumpunguzia heshima, kwani aliitumikia nchi hii kwa miaka mingi baadaye. Nakumbusha kwamba siku ile mkulima na kibarua waliona kwa macho yao kuwa kura ina uzito.

Basi mwaka ule wa 2014 sikuweza kupiga kura. Lakini mdomo hauandikishwi daftarini. Nilikwenda mkutano wa kampeni nikamwuliza mgombea wa chama changu: mtaro utazibuliwa lini, na kwa fedha ipi? Alijibu kwa ukweli kwamba mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujenga mitaro. Awezalo ni kuita wakazi wauzibue, na kupeleka ombi katika kata likiwa na maandishi. Mama mmoja mwuza chakula aliyaandika maneno hayo katika daftari la shule la mwanawe, pamoja na tarehe.

Daftari lile lilifanya kazi kuliko hasira yangu ya miaka yote. Kabla ya masika tulitoka na majembe, tukazibua sehemu ya juu. Sehemu ya chini, iliyohitaji saruji, ilichukua muda mrefu zaidi, na kila mkutano daftari lilifunguliwa likasomwa. Hapo nilitambua kosa langu. Nilidai mara mbili, kisha nikaondoka. Na aliyeahidi hakubakiwa na mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, msimu wa uchaguzi ukija, msiridhike kumhubiria mwenzenu aliyekaa kando. Mpeni kazi. Mtumeni akamsomee mzee orodha, akamsindikize mgonjwa kituoni, akaandike maswali ya mtaa wake. Nanyi mnaogombea, msiogope swali gumu kutoka kwa mwanachama, kwani anayeuliza bado yu pamoja nanyi. Wa kuhofiwa ni aliyenyamaza.

Na wewe mfanyakazi uliyechoka, nenda katazame orodha. Litafute jina lako kabla siku hazijapita. Aliyekataliwa alipigania nafasi yake. Wewe hujakataliwa na mtu.