Bomba la Risasi Lisiondolewe Nusu

Maji yaweza kutoka kwenye mtambo yakiwa safi, yakapimwa na kukubaliwa, na bado yakafika katika kikombe cha mtoto yakiwa na sumu. Sumu hiyo ni madini ya risasi, na mara nyingi haitoki mtoni wala kisimani, bali katika bomba lenyewe.

Chanzo chake

Mafundi wa Ulaya na Marekani waliipenda risasi kwa sababu ni laini, hupindika bila kukatika, na hudumu miaka mingi. Waliitumia hasa kwa bomba dogo liunganishalo nyumba na bomba kuu la barabarani. Katika mji wa Chicago kanuni ziliagiza bomba la namna hiyo mpaka mwaka 1986, Marekani ilipolipiga marufuku. Maji yenye uchachu, au yaliyolala bombani usiku kucha, huimumunyisha risasi kidogo kidogo. Haina rangi, harufu wala ladha. Waumiao zaidi ni watoto wadogo na walio tumboni, kwa kuwa huharibu ubongo ungali unakua, na uharibifu huo haurekebishiki.

Namna ya kulitambua

Bomba lichunguzwe mahali liingiapo nyumbani, kabla ya mita. Likikwaruzwa kwa sarafu, risasi hung'aa kama fedha, wala sumaku hainati. Bomba la chuma hunasa sumaku. La shaba huonyesha wekundu wake.

Kinga ya muda

Maji yaliyolala yamwagwe kwa dakika kadhaa kabla ya kunywa au kupikia, na yatumike ya baridi, kwani ya moto huyeyusha risasi zaidi. Chujio liwe lililothibitishwa kuondoa risasi. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, risasi hubaki.

Hatari ya kazi ya nusu

Dawa ya kudumu ni kuliondoa bomba zima. Hapo ndipo ugumu huanza, kwa kuwa katika miji mingi kipande cha barabarani ni cha mamlaka ya maji, na cha uani ni cha mwenye nyumba. Mamlaka ikibadilisha kipande chake peke yake, bomba la zamani hutikisika na kukatwa, utando uliolifunika ndani hubanduka, na kwa muda maji huweza kuwa na risasi nyingi kuliko awali. Fedha hutumika, na hatari hubaki mlangoni mwa asiyeweza kulipa, au mwa mpangaji ambaye mwenye nyumba wake haonekani.

Mji wa Newark, Marekani, ulipopatwa na shida hii, uliamua mwaka 2019 kwamba mabomba yote yaondolewe bila kumtoza mwenye nyumba. Sheria ndogo ikawaruhusu mafundi kufanya kazi hata pale mwenye nyumba asipopatikana kutoa idhini. Gharama ilibebwa kwa mkopo wa umma, na mabomba zaidi ya 23,000 yalibadilishwa kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Fundisho kwa vyama

Chama chenye mradi wa maji kisidhani kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Koki na viungo vya shaba ya manjano, pamoja na lehemu, huweza kuwa na risasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu Ghana, Mali na Niger uliikuta katika vifaa vya aina hiyo. Kwa hiyo Kamati inapoagiza vifaa, idai kwa maandishi uthibitisho kwamba vinafaa kwa maji ya kunywa na havina risasi, na hati hiyo ihifadhiwe pamoja na ankara. Kifaa kisicho na uthibitisho kisipokelewe ghalani kwa sababu tu bei yake ni nafuu. Kazi ya kubadilisha mabomba nayo ikadiriwe kutoka bomba kuu hadi kwenye koki, na gharama yake ipitishwe na Mkutano Mkuu kama mzigo wa wote. Maji hupita kwa wote. Kinga nayo isiishie kwa wenye uwezo.