Kufundisha Uchoraji wa Sura kwa Rangi za Maji

Watoto wengi wa shule ya msingi wachorapo sura ya mtu huijaza yote kwa rangi moja ya kahawia, kwa kuwa wamezoea kuambiwa kwamba ngozi ina rangi moja. Atazamaye kwa makini uso wa mwenzake aliyeketi karibu na dirisha ataona umanjano kwenye paji, wekundu shavuni, na pengine zambarau chini ya kidevu. Yampasa mwalimu, basi, amfundishe mtoto kutazama kabla ya kumpa brashi.

Rangi za maji huonyesha kilicho chini yake, na nuru ya picha hutoka katika weupe wa karatasi. Kwa sababu hiyo huanzwa na rangi nyepesi, kisha nzito. Tena, rangi ikikauka hupauka. Kwa hiyo mtoto ahimizwe kupaka bila woga.

Hatua za kufuata ni hizi:

(a) Sura ichorwe kwa penseli, kwa mistari hafifu. Macho yawekwe katikati ya utosi na kidevu. Watoto wengi huyaweka juu mno.

(b) Tabaka la kwanza liwe la manjano au rangi ya chungwa yenye maji mengi. Palipong'aa, kama ncha ya pua, paachwe peupe.

(c) Karatasi ikauke. Mtoto aiguse kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado ina unyevu.

(d) Tabaka la pili liwe la nyekundu au kahawia, mashavuni na upande usio na mwanga.

(e) Mwisho, vivuli vipakwe kwa buluu au zambarau, kwa maji machache.

Brashi isirudishwe mara kwa mara mahali pamoja, maana tabaka la chini litang'oka na picha itakuwa tope. Kila kikundi kiwe na makopo mawili: moja la kuoshea brashi, na jingine la maji safi.

Mchoraji Mjerumani Emil Nolde (1867–1956) alichora vichwa vya watu kwa rangi za maji zilizokolea, ili rangi yenyewe ieleze hisia.

Katika kusahihisha, mtoto aliyepaka kivuli cha buluu asipunguziwe alama, bali aulizwe alichokiona. Mtoto achekwaye kwa rangi aliyoiona kweli hujifunza kutoyaamini macho yake.