Kidonge cha Shilingi 10, Mashine ya Milioni: Hesabu ya Presha Nyeri

Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) huilipa hospitali shilingi 10,650 kila mgonjwa wa figo anaposafishwa damu kwa mashine. Wengi husafishwa mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni mara 104, na bili inafika shilingi 1,107,600 kwa mtu mmoja. Sasa fungua upande wa pili wa daftari. Mama mboga wa Karatina au fundi wa Chaka asiye na mshahara, akiwekwa kwenye kima cha chini, huchangia shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kumweka mgonjwa mmoja kwenye mashine mwaka mzima kunameza michango ya kaya 308 za namna hiyo, na hapo tumechukulia kwamba katika kaya zote hizo hakuna aliyeumwa hata jino.

Njia kuu mbili za kufika kwenye mashine ile ni kisukari na presha. Nyeri inalijua hilo muda mrefu. Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua majaribio ya afya kwa wote, kaunti nne zilichaguliwa kila moja na mzigo wake: Kisumu kwa maradhi ya kuambukiza, Machakos kwa majeraha ya ajali, Isiolo kwa vifo vya kina mama wazazi na jamii za wafugaji, na Nyeri kwa maradhi yasiyoambukiza. Kisukari na presha ndivyo vilivyoipa nafasi.

Ni watu wangapi hasa? Sensa ya 2019 iliihesabia Nyeri wakazi 759,164. Tuseme nusu yao ni watu wazima, makadirio ya chini kwa makusudi, maana wazee si haba kwenye vilima hivi. Hao ni kama 380,000. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta presha kwa asilimia 24.5 ya Wakenya wazima. Tukiazima kiwango hicho, Nyeri ina watu wapatao 93,000 wenye presha. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba kati ya wenye presha, asilimia 15.6 tu ndio waliojua kuwa wanayo. Kati ya waliojua, asilimia 26.9 walikuwa wanameza dawa, na kati ya wanaomeza, presha ilikuwa imeshuka ilivyotakiwa kwa asilimia 51.7. Teremka ngazi hiyo kwa idadi ya Nyeri: 93,000 wanakuwa 14,500, kisha 3,900, kisha 2,000. Ni viwango vya taifa, tena vya miaka iliyopita, kwa hiyo hesabu halisi ya kaunti inaweza kupanda au kushuka. Lakini hata ukizidisha hao 2,000 mara tano, bado kuna watu 83,000 wanaotembea na presha isiyodhibitiwa, wengi wao wakijisikia wazima kabisa.

Haya, dawa. Chukua kidonge kimoja cha kawaida kwa siku na tukipe bei ya shilingi 10. Kama duka lako la dawa linauza kwa bei nyingine, weka yako. Kwa mwaka ni shilingi 3,650, karibu sawasawa na ule mchango wa SHA. Kuwapa wote 93,000 kungegharimu takriban shilingi milioni 340. Fedha hizo, zikipelekwa kwenye mashine za kusafisha damu, zinatosha wagonjwa 306. Wengi huhitaji dawa aina mbili, basi rudufisha: milioni 680, wagonjwa 613. Ni kweli si kila mwenye presha ataishia kuharibikiwa na figo. Wengi zaidi hupigwa na kiharusi au moyo, na gharama ya kiharusi haionekani yote kwenye daftari la SHA. Nani anamlipa binti aliyeacha kazi Nairobi akarudi Mukurwe-ini kumgeuza baba yake kitandani na kumlisha uji kwa kijiko?

Kama kidonge ni rahisi hivyo, mbona watu wanaacha? Mimi naona tunalaumu sana ukaidi wa wagonjwa na hatuhesabu safari. Tuseme mchumaji chai wa kibarua huko juu Othaya anaitwa kliniki kila mwezi. Nauli kwenda na kurudi 200, kibarua cha siku alichokosa 400. Jumla 600, na kwa mwaka ni 7,200. Hiyo ni karibu mara mbili ya bei ya dawa yenyewe, na bado hajanunua chai ya mkahawani akisubiri foleni. Sheria inasema zahanati na kituo cha afya humhudumia bure aliyejisajili SHA, kwa fedha za mfuko wa afya ya msingi. Lakini rafu ikiwa tupu, karatasi ya daktari inaishia duka la dawa, na safari imekwenda bure.

Dawa ya hilo haina gharama kubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka mgonjwa aonwe kila mwezi mpaka presha itulie, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mgonjwa aliyetulia akipewa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, safari 12 zinakuwa 4, na 7,200 inashuka hadi 2,400. Ukiwa umetulia, omba hivyo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kupima nako kumesogea karibu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakiwa na mkoba wenye mashine ya presha. Akifika kwako, kaa kitini dakika tano kwanza, miguu sakafuni, mkono mezani. Presha ya mtu aliyetoka kupanda mlima na debe la maji si ya kuaminika. Kipimo kikifika 140 kwa 90, kirudiwe siku nyingine kabla ya kukubali jina la ugonjwa.

Lipo jambo moja la kuanza leo lisilo na foleni. Kiwango cha juu cha chumvi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai. Kupunguza chumvi kiasi cha gramu nne na zaidi kwa siku hushusha namba ya juu ya presha ya mwenye ugonjwa kwa takriban pointi 5. Kaya ya watu watano, hata wote wakiwa watu wazima, haipaswi kuzidi gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya kilo moja iishe baada ya siku 40 au zaidi. Andika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti siku unayoifungua. Ikiisha kabla ya siku 40, chumvi imezidi, na bado hujahesabu ya mkate wala ya viungo vya mchuzi vinavyotiwa kwenye githeri.