Kabla Hujashusha Giaboksi

Landrova ikidondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi, mafundi wengi huhukumu papo hapo: oili sili ya nyuma imekwisha. Hukumu hiyo ni ghali. Sili haifikiki mpaka giaboksi ishuke au injini ing'olewe, na kwenye Series III kushusha giaboksi huanza kwa kufungua sakafu ya kebini. Ilhali mara nyingi mkosaji yuko juu kabisa: gasketi ya kava ya tapeti, ambayo hubadilishwa kwa spana moja na subira.

Injini ninayoisema ni ile ya petroli ya lita 2.25, silinda nne, iliyoingia kwenye Landrova mwaka 1958 na kuendelea hadi Series III zilipokoma 1985. Nyingi za humu nchini ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda kilichoitwa Leyland Kenya. Nyanda za Isiolo zimeyazoea magari haya tangu enzi za George Adamson, mlezi wa simba Elsa, alipokuwa afisa wa wanyamapori mwenye makao yake Isiolo. Kwa mwenye Landrova kule Rapsu, kwenye mashamba ya umwagiliaji kusini mwa kaunti, swali ni la gharama tu: gari lipelekwe mjini, au litengenezwe papo hapo?

Vumbi la huko husaidia kujibu. Hunata kwenye oili na kuacha mstari mweusi unaoonyesha ilikopita. Usitazame tone linapoangukia, kwa sababu oili hushuka na feni huisukuma nyuma. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa. Ikiwa injini yote imepakaa, isafishe kwa mafuta ya taa ikiwa baridi, ikauke kabisa, kisha paka unga wa chaki kuzunguka ukingo wa kava. Iwashe kwa dakika chache. Chaki itakapogeuka rangi kwanza ndipo penye tatizo. Angalia zaidi kona za nyuma, upande wa kioo cha mbele, maana macho hayafiki huko kwa urahisi na oili ya hapo hutelemka moja kwa moja hadi kwenye giaboksi.

Chini ya kava hiyo oili haina presha. Inalainisha roka, kisha inarudi kwenye sampu kwa uzito wake. Kinachosukuma ni hewa: gesi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na lazima zipate pa kutokea. Mlango wao ni kipumulio kilicho juu ya kava, chenye wavu ndani. Wavu ukiziba kwa vumbi na oili nzito, gesi hutafuta upenyo kwingine, na gasketi mpya nayo itavuja ndani ya wiki. Kwa hiyo osha kipumulio kwa petroli kabla hata hujanunua gasketi.

Kava imeshikwa na nati tatu tu. Ikigoma kutoka, igonge ubavuni kwa kipande cha mbao. Usiichokonoe kwa bisibisi, utakwaruza uso wa silinda hedi. Tandaza vitambaa safi kwenye matundu kabla ya kukwangua gasketi kuukuu, kwa sababu vipande vikianguka hufika kwenye chujio la pampu ya oili. Kisha laza kava juu ya kioo cha dirisha. Utashangaa ni ngapi zimepinda. Bati likipinda karibu na nati, ligonge taratibu hadi likae sawa.

Upindaji huo ndio chanzo cha uvujaji mwingi, na hutokana na mikono yetu wenyewe. Oili ikitoka, mtu hukaza. Ikizidi, hukaza tena. Gasketi hii ni ya gome la mti, aina ileile ya vizibo vya chupa za divai. Inataka kubanwa kiasi, si kupondwa. Ikiwa imening'inia dukani Isiolo au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kwa muda mrefu, huwa imekauka na kusinyaa. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu, itatanuka irudi kipimo chake, kisha uikaushe.

Gundi, paka nyembamba upande wa kava pekee. Upande wa hedi uwe mkavu, ili siku ya kurekebisha tapeti kava itoke na gasketi yake nzima. Silikoni ya kumwaga kama krimu ya keki siipendi: inayofurikia ndani hukatika na kuziba chujio lilelile la pampu.

Kabla hujafunga, pima tapeti. Nafasi ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Zungusha injini kwa hendeli ya mbele ukifuata hesabu ya tisa: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya kwanza, ya saba ikifunguka, ya pili, na kuendelea hivyo.

Badilisha pia wosha za mpira chini ya nati, maana zikikakamaa huvuja kama gasketi yenyewe. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo, ukianzia nati ya kati. Endesha mpaka injini ipate moto, iache ipoe, kisha gusa nati tena bila nguvu. Rudia chaki. Ikibaki nyeupe juu huku tone likiendelea chini, hapo sasa fungua sakafu.